Pampu ya Shambani kwa Mokami

Ukitaka kumjua Swaleh fundi, ingia kwenye kundi lake la WhatsApp bila salamu uone. Hatakutukana, maana Swaleh hatukani. Atakuandikia tu, "Nasi hatujambo, karibu," halafu basi, swali lako litakaa pale mpaka liote ukungu.

Kundi lenyewe linaitwa Mafundi Pampu na Jenereta Mara. Swaleh alilianzisha kwenye karakana yake pale Tarime mjini, alipochoka kupigiwa simu na watu wanaosema "imekufa" bila kusema kilichokufa ni nini. Akaweka utaratibu. Unasalimia. Unataja chombo chako, kinafanya nini na kinakataa nini, na wewe mwenyewe umeshagusa wapi. Hapo ndipo wengi hudanganya, kwa sababu hakuna anayependa kuandika mbele ya watu kwamba aligonga na nyundo. Anayejibu naye haruhusiwi kumcheka anayeuliza, walau si kabla chombo hakijapona. Na ukishasaidiwa, unarudi kusema kilichokuponya. Hilo la mwisho Swaleh alilishikilia kuliko yote. "Humu hatulipani," alikuwa akisema kwa sauti ya taratibu aliyoirithi kwa babu yake wa Tanga. "Malipo ni kurudi."

Sasa huyo ndiye mtu ambaye Mokami alimvamia asubuhi moja na maneno haya:

"Pampu haivuti maji. Semeni haraka."

Baadaye jamaa mmoja wa Sirari, wale wa Kiswahili cha kuvuka mpaka, akajibu: "Mamaa, haraka ya nini? Kwani hiyo pampu inachelewa shule?"

Mokami akasonya mpaka kuku wakageuka. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kemambo, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na hakuzoea kuulizwa haraka yake ni ya nini. Lakini angefanyaje? Pampu ilikuwa kweli haivuti, na pale aliposimama hapakuwa na fundi, hapakuwa na shamba, wala mto. Palikuwa na shimo. Wachimbaji huliita duara, hata likiwa na pembe nne.

Duara hilo lilikuwa la watu watatu. Wa kwanza Tomaso, jirani yake, mwenye eneo. Wa pili Marwa, mdogo wake Mokami wa mwisho kuzaliwa, kijana wa kucheka hovyo ambaye dada yake alimlea tangu mama yao alipofariki. Wa tatu Mokami mwenyewe, aliyeuza ng'ombe wake wote akazitumbukiza fedha zote humo. Na duara lilikuwa limejibu! Tomaso alitwanga jiwe moja kwenye kinu, akalichekecha kwenye karai, na chini ya karai ukabaki mkia wa njano ambao ulimfanya mtu mzima yule akae chini kwenye tope na suruali yake ya kwendea kanisani.

Hawakupiga kelele. Kemambo, miaka hii ya rashi, watu wanapomiminikia dhahabu, ukishangilia asubuhi, mchana una wageni wenye sururu. Watu wamejifunza kufurahi kwa kunong'ona. Mahali ulipopata hapatajwi, hapaelekezwi, na picha yake haipigwi. Mke wa mtu anaweza kumaliza mwezi asijue mumewe anachimba kilima kipi.

Tatizo likawa maji. Duara lilipokuwa fupi pampu iliyanyonya vizuri tu. Walipozidi kulifuata jiwe chini, pampu ikaanza kunguruma bure, mpira mkavu. Na maji yakawa yanapanda kila siku kuelekea kwenye miti iliyoshikilia kuta. Udongo wa kuta ukishalowa, zitaanguka, na hapo duara ndiyo basi, na ng'ombe wa Mokami ndiyo basi. Hiyo ndiyo haraka yake.

Akapiga moyo konde, akaandika tena.

"Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Naitwa Mokami, mkulima wa migomba, Nyamwaga. Nina pampu ya petroli ya inchi tatu, namwagilia kutoka mtoni. Inanguruma vizuri lakini maji hayaji. Nimebadilisha petroli. Sijaigonga."

Uongo ulimtoka laini kabisa, haukumkwaruza hata koo. Na kundi likafunguka! Kila mtu akawa na la kusema. Swaleh mwenyewe akamsifu, "Hivyo ndivyo anavyouliza mtu," halafu akauliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote wa pampu huuliza: kutoka pampu ilipokaa kushuka hadi kwenye maji, ni mita ngapi?

Mokami akachungulia shimoni. Tochi ya Marwa ilikuwa mbali huko chini, ndogo. Kamba yao ilikuwa imepimwa mita kumi na moja. Lakini ni mto gani huo ambao mtu wa Nyamwaga anamwagilia migomba yake kutoka mita kumi na moja chini ya miguu yake?

"Tatu," akaandika.

Tatu! Jamani. Mtu amevunjika mguu, anakwenda kwa daktari kusema jino linamuuma, halafu atashangaa akipewa dawa ya kusukutua. Na dawa akapewa kweli, tena kwa moyo safi. Jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha. Wakajaza. Kaza maungio ya mpira wa kufyonza, huenda unavuta hewa. Wakayafunga kwa vipande vya tyubu mpaka mpira ukaonekana mgonjwa aliyetoka wodini. Fungua ile valvu ya chini, isafishe. Wakaifungua, wakaisafisha, wakaifunga, na Tomaso akaifungua tena kwa sababu hakuamini walivyoifunga. Pampu ikanguruma vilevile. Maji, hata tone.

"Huyu Swaleh wenu ni fundi wa mdomo," Tomaso akasema, akijifuta grisi kwenye shati.

"Si yeye," Mokami akajibu kwa sauti ndogo, akiomba asiulizwe ni nani basi.

Kule kundini Swaleh alikuwa ameanza kukosa usingizi wa mchana. Mita tatu, pampu nzima, valvu safi, mpira umekazwa, na maji hayaji? Akaomba picha. Hapo Mokami akapata akili ambayo yeye mwenyewe aliiona ni kubwa sana. Alikuwa na picha ya shamba la dada yake Rhoda kule Nyamwaga, migomba imesimama vizuri, kijito kinaonekana pembeni. Akaituma.

Ndipo akaibuka Ambokile.

Ambokile alikuwa bwana shamba, mtu wa Mbeya aliyepangiwa kazi Nyamwaga, na kundini alikuwa anakaa tu kimya kwa sababu ya jenereta ya ofisi. Alipoiona ile migomba akaamka mzima mzima. "Mama, hongera kwa shamba! Mimi nipo hapahapa Nyamwaga. Kuna kitu nimekiona kwenye picha yako, naomba nije nikione kwa macho. Uko upande gani, juu ya barabara au chini?"

"Njia mbovu," Mokami akaandika upesi.

"Nina pikipiki."

"Kuna msiba."

"Poleni sana. Basi nitakuja kesho, nitoe na rambirambi."

Mokami akaitazama simu mkononi. Sasa angekwenda kumuua nani huko Nyamwaga ili bwana shamba apate wa kumlilia?

Akaokolewa na Swaleh, au aliona hivyo. Fundi alikuja na sauti iliyorekodiwa, ya kuchoka lakini ya upole. "Dada Mokami, tumezunguka sana. Fanya hivi. Mpira wa kufyonza ufanye mfupi kabisa. Ishushe pampu ikae karibu na maji, mkono mmoja tu kutoka kwenye maji, halafu mpira mrefu uwe ule wa kutolea. Pampu haichoki kusukuma, inachoka kuvuta. Hapo haina ujanja, itatoa."

Tomaso aliposikia akapiga paja. Kushusha pampu! Kwa nini hawakuliwaza wenyewe? Wakaanza kazi palepale. Wakapanga miti ikawa jukwaa juu kidogo ya maji, wakaifunga pampu kamba pande zote, wakaiteremsha huku Marwa akiipokea chini na kuiimbia kama mtoto mchanga.

Na Mokami, huku juu, akafanya jambo la kijinga kuliko yote. Ambokile alikuwa ameandika tena, anauliza kama aje na mwenzake. Ili kummaliza, Mokami akaandika mbele ya kundi zima: "Fundi, nimefanya ulivyosema, imekubali. Maji yanatoka mengi. Asanteni wote. Bwana shamba usihangaike tena."

Pampu haijawashwa! Bado inaning'inia kwenye kamba, na mwenye nayo ameshatoa shukrani. Kundi likalipuka kwa vigelegele na vidole gumba. Swaleh akaandika, "Umerudi, dada, umetulipa. Watu wengi wanapata shida hii na wanaona haya kuuliza. Ushauri huu naubandika juu kabisa ya kundi, na neno lako chini yake, ili kila anayeingia auone." Akaubandika kweli.

Mokami akalisoma lile "umetulipa" mara mbili. Huyu mtu hamjui, hajala hata ugali wake, na siku nzima alikuwa akimfikiria yeye na kijito ambacho hakipo.

"Dada!" Marwa akaita kutoka chini. "Bomba la moshi linanielekea magotini, nitaungua suruali! Pamebana humu!"

Kwa hiyo Mokami, mtu wa kujali suruali, na labda pia kwa sababu alitaka kusema walau kitu kimoja cha kweli na yule fundi, akamwandikia Swaleh pembeni ya kundi: "Samahani fundi. Anayekaa na pampu kule chini, moshi utampiga magotini. Hautamuunguza?"

Simu ikaita hata kabla hajaushusha mkono.

"Dada Mokami," Swaleh akasema. "Kule chini wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni kuna nini kinachombana mtu mpaka moshi umpige magotini?"

Mokami akatafuta uongo mwingine.

"Nisikilize," Swaleh akasema, na ile sauti ya taratibu ilikuwa imetoweka. "Sikuulizi ni wapi. Sitaki kupajua. Nakuuliza kitu kimoja, kuna mtu ndani ya shimo na hiyo pampu?"

"Yupo."

"Imewashwa?"

"Ndiyo anataka kuwasha."

"Mtoe! Moshi wa petroli ukijaa shimoni, mtu hakohoi wala hapigi kelele, anakaa chini tu na kulala. Mtoe sasa hivi!"

Mokami hakukata hata simu. Aliitupa majanini, akalala kifudifudi mdomoni mwa duara.

"Marwa! Usiguse! Panda!"

"Nimeshika kamba ya kuwashia, dada, ngoja nivute mara moja tu nione..."

"Mura, ukivuta hiyo kamba nakufuata humo na fimbo! Panda, nimesema!"

Mura ni kijana kwa Kikurya, na Mokami alipomwita Marwa hivyo hakukuwa na utani. Marwa alikua chini ya fimbo ya dada yake, akawa anajua ipi ni sauti ya kutisha na ipi ni sauti ya kupiga. Hii hakuwahi kuisikia. Akaiacha kamba, akapanda huku akinung'unika, akatokeza kichwa chenye tope na kuuliza ni nani amekufa. Mokami akamvuta kwa ukosi wa shati, akamkumbatia, akampiga kofi la mgongo, akamkumbatia tena.

Alipoiokota simu Swaleh bado alikuwepo, anapumua.

"Ametoka," Mokami akasema.

"Alhamdulillahi." Kisha akauliza, "Ni mita ngapi, dada? Za kweli."

"Kumi na moja."

Mokami alingoja atukanwe. Angependa kutukanwa, ingempunguzia. Swaleh akaeleza tu: pampu yoyote ya kukaa juu, iwe mpya namna gani, ikipita mita saba hivi haiwezi kuyavuta maji. Haikuwa na ugonjwa wowote. Walikuwa wanaitibu pampu nzima. Kinachotakiwa ni pampu ya umeme, ile inayozama yenyewe ndani ya maji, na jenereta ibaki juu kwenye upepo, mbali na mdomo wa shimo. Anayo moja karakanani, ataiazimisha mpaka maji yaishe.

"Sasa nenda kauondoe ule ushauri," Mokami akamwambia.

Swaleh akaubandua. Akaandika onyo kubwa: pampu ya petroli isishushwe shimoni kamwe, inaua. Na unajua watu walimjibuje? Wakacheka! "Fundi, nani humu ana shimo? Sisi ni wakulima." Mwingine akasema, "Mbona ya mama wa migomba imekubali? Kasema mwenyewe maji mengi." Jamaa wa Sirari akaandika kwamba fundi ameanza kuzeeka.

"Wananibishia," Swaleh akasema kwenye simu. "Mimi ni fundi, naleta maneno. Wewe ndiye uliyeleta matokeo. Wanakuamini wewe."

Mokami akawageukia wenzake na kuwaambia anachotaka kufanya. Tomaso akaruka juu.

"Ukiandika hivyo, mama, kesho hapa patakuwa mnada! Watatuzungushia mashimo mpaka uani kwangu! Na ng'ombe wako je, umeshawasahau?"

"Sijawasahau. Nawajua kwa majina."

"Basi nyamaza! Nani alikwambia kuna mwingine amefanya ujinga kama wetu?"

Mokami akamtazama Marwa, aliyekuwa amekaa kwenye rundo la kifusi akikamua maji kwenye soksi na kulalamika kwamba pampu ilikuwa imekaa vizuri sana, wangemwacha avute mara moja tu. Akaogopa kweli, kuliko alivyoogopa akiwa amelala mdomoni mwa shimo. Akaandika.

"Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Ni Mokami. Mimi si mkulima wa migomba. Nina duara, Kemambo, kwa Tomaso, nyuma ya kilima. Maji yako mita kumi na moja, mimi niliandika tatu. Niliposema imekubali nilidanganya, ilikuwa haijawashwa. Leo nusura nimuue mdogo wangu kwa ushauri mzuri ambao niliuomba kwa uongo. Fundi hana kosa. Mwenye shimo aliyeshusha pampu kama mimi, amtoe mtu wake kwanza, aulize baadaye."

Akabonyeza. Tomaso akajifunika uso kwa kofia.

Halafu mkulima mmoja wa nyanya akaandika, "Na mimi sina nyanya." Mwingine akafuata: "Kile kisima nilichosema ni cha kanisa, hakuna kanisa." Bustani za mboga zikaanguka moja baada ya nyingine. Aliyekuwa na bwawa la samaki hakuwa na hata dagaa. Jamaa wa Sirari akaandika, "Mamaa, mimi pia ile hoteli yangu iko chini ya ardhi," na Swaleh, ambaye kumbe alikuwa ameanzisha kundi la wachimbaji watupu bila kujua, akaweka uso wa kucheka machozi, wa kwanza tangu kundi lianze.

"Kwa hiyo ile migomba ni ya nani?" akauliza Ambokile.

"Ya dada yangu Rhoda. Ipo kweli, chini ya barabara."

"Mwambie kesho nipo kwake. Mgomba wa tatu kutoka kijitoni una mnyauko, utamaliza shamba zima. Ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo, mkawa mnaniletea misiba."

Marwa akacheka mpaka akaangusha soksi. Hata Tomaso akatoa kofia usoni. Walikuwa bado wanacheka ilipoingia namba ambayo haikuwa na picha wala jina, na ambayo tangu kundi lianzishwe haikuwahi kuandika neno. Mokami akaisoma kwa sauti, halafu sauti ikapungua, akamalizia kwa macho.

"Shikamoo dada. Niko Busawe. Mimi huwa nasoma tu, naona haya kuuliza. Nilifuata ule ushauri uliobandikwa. Mdogo wangu alikuwa ameshafika chini na pampu, tunamalizia kufunga mpira. Nimemwita kwa matusi makubwa, amepanda. Sasa amekasirika, anauliza nimemtukania nini mbele ya watu, na mimi siwezi kumjibu kwa sababu nalia."

Mokami akafuta kioo cha simu kwa upande wa khanga, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Marahaba, mdogo wangu," akaandika. "Mpe chakula kwanza. Utamwambia akishashiba."